Kiharusi: Maradhi Yanayoanza Miaka Mingi Kabla ya Siku Yenyewe

Chukua mfano wa baba wa miaka 54, mkulima wa ndizi huko Taveta. Si mtu halisi, lakini kila kijiji cha Kaunti ya Taita Taveta kinamjua mtu kama yeye. Siku ya soko anaamka saa kumi na moja alfajiri ili apakie mikungu yake. Anapojaribu kuvaa shati, mkono wa kulia haumtii. Anamwita mkewe, lakini maneno yanatoka yamevurugika kama ya mlevi, ilhali hajaonja pombe.

Mkewe anamwambia alale kidogo, huenda ni uchovu. Saa moja asubuhi shemeji anafika na kusema huu ni upepo mbaya, atafutwe mtu wa kumtazama. Saa nne anakandwa kwa mafuta. Saa nane mchana binti yake aliye Voi anapiga simu na kusisitiza baba apelekwe hospitalini. Anafika saa kumi jioni, muda wa saa 11 baada ya mkono kulegea.

Watu wa nyumbani watasema ugonjwa ulimpata asubuhi ile. Ukweli ni kwamba ulianza miaka mingi nyuma, presha yake ilipoanza kupanda bila yeye kujua. Hakuumwa popote, hakuna aliyempima, na hakuona sababu ya kwenda zahanati akiwa na nguvu za kulima. Makala haya yanaeleza kiharusi ni nini, kimeenea kiasi gani katika jamii kama zetu, kinaletwa na nini, na ni wapi familia ile ingeweza kukizuia.

Kiharusi ni nini?

Ubongo huishi kwa damu. Kila dakika unahitaji hewa safi na sukari inayoletwa na mishipa. Kiharusi hutokea pale sehemu ya ubongo inapokosa damu hiyo ghafla, na hutokea kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni mshipa kuziba. Donge la damu hukwama ndani ya mshipa, na sehemu iliyo mbele yake hukauka kama shamba ambalo mfereji wake umezibwa. Njia ya pili ni mshipa kupasuka, damu ikamwagika ndani ya ubongo na kuukandamiza. Duniani kote kiharusi cha kuziba ndicho kingi zaidi. Hata hivyo, kile cha kupasuka kina fungu kubwa zaidi barani Afrika kuliko Ulaya, na ndicho huua kwa haraka zaidi. Shinikizo la damu, ambalo wengi huliita presha, huleta aina zote mbili.

Upande wa kushoto wa ubongo huendesha upande wa kulia wa mwili, na kwa watu wengi ndio pia wenye kazi ya lugha. Ndiyo maana yule mkulima alilegea mkono wa kulia na kupoteza maneno kwa wakati mmoja. Hakuna kilichotupwa njiani akakikanyaga, wala hakuna aliyemrushia kitu usiku. Ni mshipa mmoja kichwani ulioshindwa kufanya kazi yake.

Kwa macho, hata daktari hawezi kuwa na hakika kama mshipa umeziba au umepasuka. Kinachotofautisha ni picha ya ubongo inayopigwa kwa mashine ya CT skani. Tofauti hiyo ni kubwa, kwa sababu dawa inayoyeyusha donge inaweza kumuua mgonjwa ambaye mshipa wake umepasuka.

Kimeenea kiasi gani?

Kwa makadirio ya kimataifa ya mwaka 2021, watu karibu milioni 12 duniani walipata kiharusi kwa mara ya kwanza mwaka huo, na zaidi ya milioni 7 walifariki kwa kiharusi. Shirika la Kiharusi Duniani linakadiria kwamba mtu 1 kati ya kila 4 waliozidi miaka 25 atapata kiharusi wakati fulani maishani mwake.

Takwimu za dunia nzima zinaweza kuonekana za mbali. Zipo za karibu zaidi. Ukivuka mpaka wa Taveta na Holili, ukapita mji wa Moshi, unaingia wilaya ya Hai kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro. Wakazi wa huko hulima ndizi kama walivyo majirani zao wa Taveta, na maisha yao hayako mbali na ya huku. Kati ya Juni 2003 na Juni 2006, watafiti walifuatilia jamii mbili nchini Tanzania: wakazi 159,814 wa Hai, na wakazi 56,517 wa Dar es Salaam.

Namna walivyohesabu ina funzo. Hawakutegemea daftari za hospitali peke yake, kwa sababu wagonjwa wengi wa kiharusi hufia nyumbani au huuguzwa huko bila kuandikwa popote. Waliweka watu wao vijijini na mitaani, wakashirikiana na zahanati na hospitali, na palipotokea kifo waliihoji familia ili kujua dalili alizokuwa nazo marehemu. Katika miaka hiyo mitatu walipata visa 636 vya kiharusi.

Kwa hesabu ya moja kwa moja, Hai ilikuwa na visa 94.5 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na Dar es Salaam visa 107.9. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini inadanganya. Dar es Salaam ina vijana wengi, na kiharusi huongezeka kadiri umri unavyosonga. Watafiti waliporekebisha hesabu ili jamii zote mbili zilinganishwe kana kwamba zina mgawanyo mmoja wa umri, Hai ilifika visa 108.6 na Dar es Salaam 315.9. Maana yake, ukichukua mtu wa mjini na mtu wa kijijini wenye umri sawa, yule wa mjini alikuwa katika hatari iliyokaribia mara tatu ya mwenzake.

Je, hilo linaihusu vipi Taita Taveta? Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu wakazi 340,671 katika kaunti hii. Ikiwa kiharusi kingetokea huku kwa kiwango kile kile cha Hai, yaani visa 94.5 kwa kila watu 100,000, kaunti ingepata visa vipya 320 hivi kila mwaka. Hicho ni karibu kisa kimoja kila siku. Hayo ni makadirio ya kulinganisha tu. Wala hesabu ya Hai si ya leo. Tangu ifanywe, miji kama Voi imepanuka, na namna ya kula na kufanya kazi imebadilika. Maisha ya mjini yanaifuata jamii hata kijijini.

Nani yuko hatarini?

Mambo yanayoongeza hatari ya kiharusi yako ya aina mbili. Kuna yale ambayo mtu hawezi kuyabadilisha: umri kusonga, na kuwa na mzazi au ndugu aliyewahi kupata kiharusi. Mwenye mambo hayo hana la kufanya juu yake, ila anapaswa kujipima mapema na mara nyingi zaidi kuliko wengine.

Aina ya pili ni mambo yanayoweza kubadilishwa, na hayo ndiyo mengi. Utafiti mkubwa wa Nigeria na Ghana, uliotolewa mwaka 2018, uliwalinganisha wagonjwa wa kiharusi zaidi ya 2,000 na watu wengine wa umri na jinsia ile ile ambao hawakuwa na ugonjwa huo. Mambo 11 yaliyopatikana kuongeza hatari ni haya:

1. Shinikizo la juu la damu
2. Mafuta mabaya kwenye damu
3. Kisukari
4. Unene wa tumboni, kiuno kikilinganishwa na nyonga
5. Kula nyama kila mara
6. Kutokula mboga za majani vya kutosha
7. Kuongeza chumvi mezani
8. Msongo wa mawazo
9. Maradhi ya moyo
10. Kukosa mazoezi
11. Kuvuta sigara

Kati ya yote hayo, shinikizo la damu liliyaacha mengine mbali sana. Watafiti walikadiria kwamba takriban visa 9 kati ya 10 vya kiharusi katika nchi hizo mbili vilihusiana nalo. Kwa lugha ya kawaida, anayetaka kuzuia kiharusi katika jamii aanze na presha.

Yapo mengine ya kuzingatiwa. Ufuatiliaji wa Tanzania ulionyesha pia kwamba watu walioishi na virusi vya UKIMWI walikuwa katika hatari zaidi, jambo linaloongeza sababu ya kutumia dawa bila kukatiza. Mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio huruhusu damu igande moyoni na donge lisafiri hadi kichwani. Unywaji wa pombe kupita kiasi hupandisha presha. Mama mjamzito ambaye presha yake inapanda anaweza kupata kifafa cha mimba na kiharusi, hata akiwa msichana wa miaka 20. Mtoto mwenye selimundu anaweza kupata kiharusi kabla hajaanza shule. Kwa hiyo si kweli kwamba huu ni ugonjwa wa wazee tu.

Watu mia, na wawili waliobaki

Mwaka 2015 Kenya ilifanya utafiti wa kitaifa kuhusu maradhi yasiyoambukiza, ukiwahusisha watu wazima wa umri wa miaka 18 hadi 69. Ilibainika kwamba karibu mtu mzima 1 kati ya 4 alikuwa na shinikizo la juu la damu. Zaidi ya nusu ya watu wazima walisema hawajawahi kupimwa presha maishani.

Lakini sehemu inayopaswa kusomwa polepole ni hii. Chukua Wakenya 100 wenye shinikizo la juu la damu, uwasimamishe kwenye uwanja wa chifu. Kwa mujibu wa matokeo ya utafiti huo:

- Waambie wanaojua kwamba wana presha wabaki. Wanabaki 16 hivi.
- Waambie wanaotumia dawa wabaki. Wanabaki 4.
- Waambie ambao presha yao imedhibitiwa kwa dawa hizo wabaki. Wanabaki 2.

Watu 98 wameondoka uwanjani wakiwa na presha ambayo haijadhibitiwa. Wengi wao wanalima, wanaendesha bodaboda, wanafundisha, wanachimba madini, wanauza mitumba, na wanajisikia vizuri kabisa. Shinikizo la damu kwa kawaida halina maumivu. Anayengoja kichwa kiume ndipo aende kupimwa anaweza kungoja hadi asubuhi ile ambayo mkono hauinuki.

Angalia pia mahali ambapo watu wengi zaidi walipotea. Si kwenye dawa, wala si kwenye hospitali kubwa. Watu 84 walipotea kwenye swali la kwanza, kwa sababu tu hawakujua. Na kujua kunahitaji mkanda wa kupimia unaofungwa mkononi kwa dakika moja au mbili.

Kupima na kuelewa namba

Kipimo cha presha hutoa namba mbili. Ya juu ni nguvu ya damu moyo unaposukuma. Ya chini ni nguvu iliyobaki moyo unapopumzika. Kipimo kilicho chini ya 120 kwa 80 ni kizuri. Kikifika 140 kwa 90 au kuzidi, katika siku zaidi ya moja, mhudumu wa afya atasema mtu huyo ana shinikizo la juu la damu. Walio katikati wanahitaji kubadilisha mienendo na kupimwa tena.

Ili kipimo kiwe cha kweli, keti na upumzike dakika 5 kwanza. Egemeza mgongo, weka miguu chini bila kuikunja moja juu ya nyingine, na uweke mkono mezani usawa wa moyo. Usipimwe punde tu baada ya kupanda mlima wa Wundanyi kwa miguu, kunywa kahawa au kuvuta sigara.

Presha hupimwa katika zahanati, vituo vya afya na hospitali. Aidha, tangu Septemba 2023 wahudumu wa afya ya jamii kote nchini walianza kupewa mikoba ya kazi yenye mashine ya kupima presha na kifaa cha kupima sukari kwenye damu. Mhudumu anapobisha hodi, mkaribishe, na uhakikishe wanaume wa nyumba nao wamepimwa, si akina mama peke yao. Mkazi ambaye bado hajajisajili na SHA anaweza kufanya hivyo kwa simu yoyote kwa kubonyeza *147#.

Dawa haiachwi kwa sababu presha imeshuka

Makosa mengi hutokea hapa. Mtu anapewa dawa, anatumia mwezi mmoja, anapimwa na kuambiwa presha iko sawa, kisha anasema amepona. Hajapona. Presha iko sawa kwa sababu ya dawa. Akiiacha, itapanda tena, na safari hii pengine hatakuwa na mtu wa kumpima.

Faida ya kuendelea ni kubwa. Majaribio mengi ya tiba yaliyojumlishwa pamoja yalionyesha kwamba namba ya juu ya presha ikishushwa kwa 10, hatari ya kiharusi hupungua kwa zaidi ya robo. Dawa ikimletea mtu kizunguzungu, kikohozi au udhaifu, asiiache kimyakimya. Arudi kwa daktari abadilishiwe, kwa maana dawa za presha ni za aina nyingi. Wala mtu asiazime dawa za jirani. Kinachomfaa mmoja kinaweza kumdhuru mwingine.

Jikoni na njiani

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai. Hiyo ni chumvi yote ya siku: ya mboga, ya mkate, ya chipsi za kando ya barabara na ya viungo vya pakiti. Njia rahisi ya kuanza ni kuondoa chumvi mezani. Ikibaki jikoni, mkono hautaifikia kwa mazoea. Ladha inaweza kuongezwa kwa ndimu, kitunguu, nyanya, dania au tangawizi.

Mboga za majani hazihitaji fedha nyingi katika kaunti hii. Mchicha, kunde, majani ya maboga na sukuma wiki hupatikana, na matunda ya Taveta na ya milima ya Taita hujaza masoko kwa misimu yake. Visichemshwe kupita kiasi wala kuogeleshwa kwenye mafuta. Nyama si haramu, lakini isiwe ya kila siku, na mafuta yake yaondolewe.

Kuhusu mazoezi, mkulima anayelima kwa jembe tayari anafanya kazi ya kutosha. Walio hatarini zaidi ni wanaokaa kutwa: madukani, ofisini, nyuma ya usukani na kwenye bodaboda. Kutembea kwa kasi dakika 30, siku 5 kwa wiki, kunatosha kuleta tofauti. Anayeshuka kwenye matatu kituo kimoja kabla ya nyumbani ameshaanza.

Sigara haina kiwango salama. Anayeacha leo hatari yake huanza kupungua, na huendelea kupungua mwaka baada ya mwaka.

Siku yenyewe: Uso, Mkono, Maneno, Muda

Kiharusi kikitokea, dawa ya kuyeyusha donge hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya picha kuthibitisha kwamba mshipa haujapasuka. Baada ya hapo haitolewi kwa kawaida. Wataalamu wamekadiria kwamba mshipa mkubwa unapoziba, ubongo hupoteza chembe hai milioni 1.9 kila dakika. Kwa hiyo kila mtu nyumbani, hata mtoto wa shule, ajue maneno manne:

- Uso: Mwambie atabasamu. Je, upande mmoja wa mdomo umeanguka?
- Mkono: Mwambie ainue mikono yote miwili. Je, mmoja unashuka au haunyanyuki?
- Maneno: Mwambie arudie sentensi fupi. Je, ulimi ni mzito, au maneno hayaeleweki?
- Muda: Ukiona dalili hata moja, angalia saa na uanze safari ya hospitali.

Dalili nyingine ni kupoteza kuona ghafla, kizunguzungu kikali na kushindwa kusimama, au maumivu makali ya kichwa ambayo mtu hajawahi kuyapata.

Wakati wa kusubiri gari, mlaze mgonjwa kwa ubavu ikiwa amepoteza fahamu. Mfungulie nguo zinazombana. Usimpe chakula, maji wala dawa ya kumeza, kwa sababu koo lake linaweza kuwa limelegea na kitu hicho kikaingia kwenye mapafu. Usimpe asprini, kwa kuwa ikiwa mshipa umepasuka damu itazidi kumwagika. Usimwongezee vidonge vya presha ili ishuke haraka. Kukanda na kuchanja kunapoteza muda tu. Beba dawa anazotumia, na mweleze daktari saa ambayo mgonjwa alionekana mzima kwa mara ya mwisho.

Kaunti hii ni pana, na kutoka vijiji vya mbali hadi hospitali ni safari. Ndiyo maana mipango ifanywe kabla. Kila boma liwe na nambari ya simu ya kituo cha afya kilicho karibu na ya dereva anayeweza kuamshwa usiku. Ziandikwe mlangoni, zisibaki kwenye simu ya mtu mmoja.

Wakati mwingine dalili hupotea zenyewe baada ya dakika chache. Familia hushukuru na kulala. Hiyo ni hatari, kwa maana kiharusi cha muda mfupi ni onyo kwamba kikubwa kinaweza kufuata ndani ya siku chache. Mgonjwa aende hospitalini siku hiyo hiyo hata kama sasa anatembea na kuzungumza.

Baada ya kiharusi

Aliyeokoka bado ana kazi ya kufanya, na familia pia. Ubongo unaweza kujifunza upya, hasa katika miezi ya mwanzo. Mazoezi ya viungo aliyofundishwa mgonjwa hospitalini yaendelezwe nyumbani kila siku. Ageuzwe kitandani mara kwa mara ili asipate vidonda. Apewe nafasi ya kujaribu kula, kuvaa na kusema mwenyewe, hata akichelewa. Asifichwe chumba cha ndani kama aibu ya ukoo. Wengi huingiwa na huzuni kubwa baada ya kiharusi, na hiyo nayo inatibika.

Mlezi naye akumbukwe. Mara nyingi ni mke, binti au mkaza mwana aliyeacha biashara yake. Ndugu wapeane zamu. Na mtu aliyewahi kupata kiharusi yuko katika hatari ya kupata kingine, kwa hiyo dawa za presha na za kisukari kwake hazina likizo.

Kurudi Taveta

Mkulima wa mfano alifika hospitalini saa kumi jioni, muda wa dawa ya kuyeyusha donge ukiwa umepita. Alitibiwa, akapona kiasi, na sasa anatembea kwa fimbo. Mikungu inapakiwa na mwanawe aliyeacha chuo kwa muhula mmoja ili asaidie nyumbani.

Familia hiyo ilipoteza saa 11 siku ile. Lakini kabla ya hapo ilikuwa imepita miaka mingi ambayo kila mwaka ulikuwa na siku ambazo kipimo cha dakika mbili kingeweza kuonyesha tatizo. Saa 11 zilipotea kwa kutojua dalili, na miaka ile ilipotea kwa kutojua namba. Yote mawili yanaweza kufundishwa.

Maswali ya kujadiliwa nyumbani, kwenye chama au barazani

1. Ni nani katika nyumba hii mwenye zaidi ya miaka 30 ambaye hajapimwa presha katika mwaka uliopita? Atapimwa lini na wapi?
2. Kwa nini kuhesabu wagonjwa wa hospitali peke yake hakutoi picha kamili ya kiharusi katika jamii?
3. Mtu ameambiwa presha yake sasa ni 118 kwa 76 akiwa anatumia dawa. Je, aache dawa? Eleza sababu.
4. Taja maneno manne ya kutambua kiharusi. Mtoto mdogo wa nyumba anayajua?
5. Ikiwa kiharusi kitatokea hapa saa nane usiku, nani ataitwa, kwa gari gani, na safari itachukua muda gani?

Tarehe 29 Oktoba kila mwaka ni Siku ya Kiharusi Duniani. Hakuna haja ya kuingoja. Mashine ya kupima presha inafanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa katika zahanati iliyo karibu nawe.